Namba Moja Haitoshi: Claudia Pechstein na Somo la Damu Yake

Kila siku ya kazi, katika zahanati na vituo vya afya vya Vingunguti, watu hutoka maabara wakiwa na karatasi yenye namba. Mmoja huambiwa damu imepungua, mwingine huambiwa chembe zake nyeupe ni chache, na wa tatu huambiwa kiwango fulani kimezidi. Wengi huikunja karatasi na kuondoka na wazo moja tu: nina tatizo. Ni wachache wanaopata nafasi ya kuuliza kipimo hicho kinapima nini hasa, kikomo kilichoandikwa pembeni kilipatikana kwa kuwapima akina nani, na mwili huu umekuwa na hali gani miaka yote iliyopita.

Makala haya yanayaeleza maswali hayo kwa kupitia maisha ya mwanamichezo wa mbali. Claudia Pechstein ni Mjerumani, bingwa wa mbio za kuteleza kwenye barafu. Barafu anayoijua mkazi wa Vingunguti ni ile ya kupozea samaki na vinywaji, na huenda msomaji hajapata kuuona mchezo huo hata kwenye televisheni. Hata hivyo, jambo lililombadilishia bingwa huyu maisha lilitokea ndani ya kichupa cha damu, cha aina ile ile inayojazwa kila asubuhi katika maabara zetu. Namba moja ya damu ilimwondoa uwanjani kwa miaka miwili, ikamchafulia jina mbele ya dunia, na ikachukua miaka mingi kuelezwa.

Mchezo wenyewe na kazi ya mwili

Mbio hizi hufanyika katika uwanja wa barafu wenye umbo la duara refu, ambao mzunguko wake ni mita 400, sawa na njia ya kukimbilia ya uwanja wa riadha. Wachezaji hushindana wawili wawili, kila mmoja katika njia yake, na katika kila mzunguko hubadilishana njia ya ndani na ya nje ili umbali uwe sawa kwa wote. Mshindi wa shindano huamuliwa kwa muda. Chini ya kiatu kuna ubapa mrefu wa chuma, mwembamba kama wa kisu, na mchezaji husonga mbele kwa kuisukuma barafu kuelekea kando, mguu mmoja baada ya mwingine.

Mbio ndefu kuliko zote za wawili wawili kwa wanawake katika michezo ya Olimpiki ni za mita 5,000, yaani mizunguko kumi na miwili na nusu. Hizo ndizo Pechstein alizozifanya kuwa zake. Mwaka 2002 alizimaliza kwa dakika 6 na sekunde 46.91, muda uliokuwa rekodi ya dunia. Huo ni mwendo wa wastani wa takriban kilomita 44 kwa saa, kwa nguvu ya miguu peke yake.

Ugumu wa mchezo huu kwa mwili unatokana na mkao. Ili upepo usimzuie, mchezaji huinama hadi mgongo ukaribie kulala, na magoti hukunjwa sana kwa muda wote wa mbio. Misuli ya mapaja hukaza karibu bila kupumzika, na msuli uliokaza hubana mishipa ya damu iliyo ndani yake. Damu hupita kwa shida katika sehemu ile ile inayohitaji hewa ya oksijeni kuliko sehemu nyingine yoyote. Mpanda baiskeli na mkimbiaji huipa misuli yao nafasi ya kulegea kila hatua. Mteleza barafuni hana nafasi hiyo kwa kiwango kile. Ndiyo maana uwezo wa damu kubeba oksijeni una thamani kubwa kwake, na ndiyo maana watu wenye nia mbaya wamejaribu kuuongeza kwa njia za hila.

Kutoka Berlin Mashariki hadi medali tisa

Pechstein alizaliwa tarehe 22 Februari 1972 huko Berlin Mashariki, wakati Ujerumani ingali nchi mbili. Alipata medali yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1992 huko Albertville, Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 19: shaba katika mita 5,000. Miaka miwili baadaye, huko Lillehammer, Norway, alichukua dhahabu katika mbio hizo hizo na shaba katika mita 3,000. Mwaka 1998 huko Nagano, Japani, alitetea dhahabu yake ya mita 5,000 na kuongeza fedha ya mita 3,000. Mwaka 2002 huko Salt Lake City, Marekani, alishinda mbio zote mbili, kila moja kwa rekodi ya dunia. Mwaka 2006 huko Torino, Italia, alipata dhahabu pamoja na wenzake wa timu ya taifa, na fedha katika mita 5,000.

Kwa jumla ni medali tisa za Olimpiki: dhahabu tano, fedha mbili na shaba mbili. Dhahabu tatu za mbio zile zile za mita 5,000 katika michezo mitatu mfululizo zinaonesha mwili uliodumu katika kilele kwa muda ambao wengi hawaufikii. Wakati wa safari hiyo alikuwa mtumishi wa polisi ya shirikisho ya Ujerumani, kama ambavyo wanariadha wengi wa Tanzania wamekuwa wakilelewa na Jeshi la Polisi, Magereza, Jeshi la Kujenga Taifa na Jeshi la Wananchi. Kwa mtu wa namna hiyo, tuhuma ya udanganyifu haigusi medali peke yake. Inagusa pia kiapo cha kazi na mshahara.

Siku mbili za Hamar

Februari 2009 mashindano ya ubingwa wa dunia yalifanyika Hamar, Norway. Tarehe 6 na 7 Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Kuteleza Barafuni, ISU kwa kifupi, lilichukua damu ya wachezaji. Katika damu ya Pechstein, asilimia ya chembe nyekundu changa ilikuwa 3.49 katika kipimo cha kwanza, 3.54 na 3.38 katika vipimo vilivyofuata. Kikomo cha juu kilichotumiwa na shirikisho kilikuwa asilimia 2.4. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 18 Februari, alipimwa tena na kukutwa na asilimia 1.37.

Hemoglobini yake, yaani ile protini inayobeba oksijeni na ambayo wagonjwa wetu huiita kwa ufupi "damu", ilikuwa ndani ya mipaka ya kawaida. Hakuna dawa yoyote iliyokatazwa iliyopatikana katika damu wala katika mkojo wake. Hata hivyo, Julai 2009 shirikisho lilimfungia miaka miwili kuanzia tarehe 7 Februari, na Novemba mwaka huo Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyoko Lausanne, Uswisi, ikaithibitisha adhabu hiyo. Hoja ya washtaki ilikuwa kwamba namba ilikuwa juu mno, na kwamba kushuka kwake kwa haraka kulifanana na mwili ulioachishwa dawa ya kuchochea utengenezaji wa damu. Wataalamu waliosikilizwa upande wa mashtaka walisema ugonjwa wa damu haukuwa maelezo yanayotosheleza.

Kwa hukumu hiyo Pechstein alikosa michezo ya Olimpiki ya mwaka 2010 iliyofanyika Vancouver, Kanada. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanamichezo mkubwa kufungiwa kwa sababu ya sura ya damu yake peke yake, bila dawa kupatikana mwilini.

Chembe nyekundu changa ni kitu gani?

Ili kuielewa kesi hii, na ili kuwasaidia wagonjwa wetu, inafaa kujua njia ya chembe nyekundu ya damu tangu kuzaliwa hadi kufa kwake.

Chembe nyekundu hutengenezwa katika uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa. Kabla ya kukomaa hutolewa kwenye mzunguko wa damu ikiwa bado na mabaki ya mitambo iliyokuwa ikitengeneza hemoglobini. Kwa dawa maalumu ya rangi, mabaki hayo huonekana kama nyuzi ndogo chini ya hadubini, na kwa sababu ya wavu huo chembe hiyo huitwa retikulosaiti. Baada ya siku moja au mbili katika mzunguko, mabaki huondoka na chembe huwa imekomaa. Kisha huishi kwa takriban siku 120, ndipo bandama huiondoa na kuivunja.

Kwa mtu mzima mwenye afya, chembe changa huwa karibu asilimia 0.5 hadi 2.5 ya chembe nyekundu zote. Namba hiyo ni taarifa ya kasi ya kiwanda. Ikipanda, maana yake uboho unatoa chembe nyingi kuliko kawaida. Ikishuka wakati mtu ana upungufu wa damu, maana yake kiwanda kimelala ilhali ghala linakauka.

Kwa nini kiwanda kiongeze kasi? Sababu ni nyingi. Mtu aliyepoteza damu kwa jeraha au kwa kujifungua huongeza. Mgonjwa mwenye upungufu wa madini ya chuma anayeanza vidonge huongeza ndani ya siku saba hadi kumi, na hiyo ni dalili njema kwamba tiba imekubali. Mtu aliyepanda kuishi kwenye nyanda za juu huongeza kwa muda. Anayechomwa sindano ya erithropoietini, homoni ambayo kwa kawaida hutoka kwenye figo, huongeza pia. Dawa hiyo ni mkombozi kwa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu, na ni hiyo hiyo inayotumiwa vibaya na baadhi ya wanamichezo. Mwisho, mtu ambaye chembe zake huvunjika mapema kuliko siku 120 huongeza maisha yake yote, kwa kuwa uboho hulazimika kufidia kila siku.

Namba moja, basi, ina milango mingi ya kuingilia. Anayeiona asilimia 3.5 akasema moja kwa moja "huyu ametumia dawa" amechagua mlango mmoja na kuifunga mingine kabla ya kuchungulia.

Urithi kutoka kwa baba

Machi 2010 wataalamu wa magonjwa ya damu wa Ujerumani, akiwamo Profesa Gerhard Ehninger aliyekuwa kiongozi wa chama chao cha kitaalamu, walitangaza matokeo ya uchunguzi mpana zaidi. Walieleza kwamba Pechstein ana hitilafu ya kurithi katika chembe nyekundu, aliyoipata kutoka kwa baba yake. Waliitaja kuwa sura nyepesi ya ugonjwa unaozifanya chembe kuwa duara, na uchunguzi wa baadaye ukaelekeza kwenye ugonjwa wa jamii hiyo hiyo unaozifanya chembe zipoteze maji.

Chembe nyekundu ya kawaida ina umbo la kisahani kilichobonyea pande zote mbili. Umbo hilo huifanya iweze kukunjika na kupenya kwenye vijishipa vyembamba. Katika magonjwa haya ngozi ya nje ya chembe ina kasoro: chembe huwa kama mpira mdogo, au hukauka na kuwa ngumu. Zinapopita kwenye bandama, ambayo ni kama chujio, nyingi hunaswa na kuvunjwa mapema. Uboho hufidia kwa kutoa chembe changa zaidi. Kwa mwenye ugonjwa mwepesi fidia hiyo hutosheleza, hemoglobini hubaki ya kawaida, na mtu huishi bila kujua ana hitilafu. Anaweza kuwa bingwa wa Olimpiki. Alama zinazobaki ni ndogo: chembe changa zilizo juu na zinazopanda na kushuka, macho yanayopata umanjano kidogo wakati wa homa, au vijiwe vya nyongo katika umri mdogo.

Magonjwa haya kwa kawaida hurithiwa kwa namna ambayo mzazi mmoja anatosha kumpa mtoto. Kwa sababu hiyo, swali kuhusu baba na mama lina uzito sawa na kipimo cha mashine. Pechstein alikuwa na umri wa miaka 38 jibu lilipopatikana. Damu yake ilikuwa imechukuliwa mara nyingi sana katika miaka kumi iliyotangulia, na katika vipimo vyote hivyo kilichotafutwa kilikuwa udanganyifu. Hakuna aliyetafuta ugonjwa.

Mahakamani na barafuni

Alirejea mwaka 2011 baada ya kumaliza adhabu, na Machi mwaka huo akapata shaba ya mita 5,000 katika ubingwa wa dunia huko Inzell, Ujerumani. Vipimo vyake vya baadaye vilionesha tena namba zilizo juu ya kikomo kile kile, na safari hii hakufungiwa. Kwa mtu wa tiba, jambo hilo lina maana: hali inayoendelea kwa miaka chini ya uangalizi inafanana zaidi na urithi kuliko sindano.

Mwaka 2015 tume ya wataalamu iliyoundwa na Shirikisho la Michezo ya Olimpiki la Ujerumani ilieleza kwamba vipimo vile havikutosha kuthibitisha matumizi ya dawa, na rais wa shirikisho hilo akamwomba radhi hadharani. Upande wa sheria haukwenda kwa wepesi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ilimkatalia madai ya fidia. Oktoba 2018 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba alinyimwa haki ya kusikilizwa hadharani, ikampa euro 8,000, ingawa haikukubali hoja yake kwamba mahakama ya michezo haikuwa huru. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilitengua uamuzi wa mwaka 2016, na mwaka 2025 yeye na shirikisho la mchezo wake walilimaliza shauri kwa mapatano.

Katikati ya kesi hizo aliendelea kushindana. Huko Sochi, Urusi, mwaka 2014, alishika nafasi ya nne katika mita 3,000 na ya tano katika mita 5,000, akiwa anakaribia umri wa miaka 42. Februari 2022 huko Beijing alibeba bendera ya nchi yake katika ufunguzi, siku chache kabla ya kutimiza miaka 50. Ilikuwa michezo yake ya nane ya Olimpiki ya majira ya baridi, idadi ambayo hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa ameifikia.

Mchezo nao ulijifunza. Desemba 2009 Wakala wa Dunia wa Kupambana na Dawa Zisizoruhusiwa Michezoni ulianza kutumia rasmi pasipoti ya kibiolojia. Katika mfumo huo damu ya mwanamichezo hulinganishwa kwanza na damu yake mwenyewe ya miezi na miaka iliyopita, na jopo la wataalamu hutakiwa kufikiria ugonjwa, safari ya nyanda za juu na namna sampuli ilivyotunzwa kabla ya kusema neno. Mfumo huo umewanasa wadanganyifu wa kweli, wakiwamo wa Afrika Mashariki. Thamani yake inatokana na kanuni moja: mtu apimwe kwa historia yake.

Yanayotuhusu Vingunguti

Kanuni hiyo haina sababu ya kubaki kwa mabingwa. Katika jiji la Dar es Salaam, hitilafu za kurithi za chembe nyekundu ni jambo la kila siku. Selimundu ndiyo kubwa kuliko zote. Hukadiriwa kwamba takriban watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka Tanzania, na watu wengi zaidi wana kinasaba kimoja bila kuugua. Hospitali ya Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa hao kwa utaratibu maalumu tangu mwaka 2004. Wapo pia wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao chembe zao huweza kuvunjika ghafla baada ya dawa fulani, kama vile primakwini. Wote hao hupita katika maabara za kawaida, na wengi hupewa tafsiri isiyo yao.

Kwa mhudumu wa afya, mambo matano yafuatayo yanastahili kukumbukwa.

Kwanza, upungufu wa damu una aina nyingi, na vidonge vya kuongeza damu ni tiba ya aina moja. Mtoto anayerudi kila baada ya miezi michache akiwa na damu pungufu, macho ya manjano na bandama iliyovimba hahitaji kopo la nne la vidonge vya madini ya chuma. Anahitaji kipimo cha selimundu na, panapowezekana, hesabu ya chembe changa. Chembe changa zikiwa nyingi, tatizo ni kuvunjika au kupotea kwa damu. Zikiwa chache, tatizo ni utengenezaji: lishe, figo, maambukizi ya muda mrefu au uboho wenyewe.

Pili, namba ile ile humaanisha mambo tofauti kwa watu tofauti. Kwa mgonjwa wa selimundu, chembe changa za asilimia 10 zinaweza kuwa hali yake ya kila siku. Zikishuka hadi chini ya asilimia 1 huku hemoglobini ikianguka, hiyo ni dharura: mara nyingi ni kirusi cha parvo kilichousimamisha uboho, na mtoto huyo apelekwe hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo. Namba inayoonekana "ya kawaida" kwenye karatasi ndiyo inayoua.

Tatu, vikomo vilivyochapishwa kwenye mashine mara nyingi vilitokana na watu wa Ulaya na Marekani. Waafrika wengi wenye afya njema wana chembe nyeupe za aina ya neutrofili chache kuliko vikomo hivyo, kwa sababu ya kinasaba kinachohusiana na kundi la damu la Duffy, kinasaba ambacho pia huwakinga na aina moja ya malaria. Tafiti zilizofanywa kwa watu wenye afya kusini mwa Tanzania zilionesha tofauti ya namna hiyo. Mtu asitishwe, wala dawa yake isisimamishwe, kwa sababu ya kikomo ambacho hakikupimwa kwa watu wake.

Nne, vipo vipimo vinavyotegemea umri wa chembe nyekundu. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu husoma sukari iliyojishika kwenye hemoglobini katika maisha ya chembe. Kwa mtu ambaye chembe zake huishi siku 30 badala ya 120, kipimo hicho huonesha sukari ndogo kuliko ilivyo. Mgonjwa wa kisukari mwenye selimundu anaweza kupongezwa huku anaumia. Kwake, sukari ya kidoleni inayopimwa mara kwa mara ni ya kuaminika zaidi.

Tano, sampuli nayo husafiri. Damu iliyokaa juani, iliyochelewa au iliyoganda kidogo hutoa namba potofu, na mashine mbili za aina tofauti huweza kutofautiana. Namba isiyofanana na mgonjwa aliyeketi mbele yako irudiwe kabla ya kumpa jina la ugonjwa.

Juu ya hayo yote lipo swali lisilo na gharama: "Mama, katika ukoo wenu, upande wako au wa baba wa mtoto, yupo aliyekuwa akipata macho ya manjano, aliyeongezewa damu mara kwa mara, aliyetolewa bandama au vijiwe vya nyongo akiwa kijana?" Swali hilo, likiulizwa kwa heshima na faragha, huweza kufupisha miaka ya kutangatanga. Liulizwe bila kumtafuta wa kulaumiwa, kwa kuwa ndoa nyingi zimeyumba kwa sababu ya neno "ulimpa mtoto ugonjwa". Selimundu hutoka kwa wazazi wote wawili, na hakuna aliyechagua kinasaba chake.

Kwa mgonjwa na familia

Tunza karatasi zako. Daftari la kliniki lenye vipimo vya miaka mitatu lina faida kuliko kipimo kimoja cha gharama kubwa, kwa kuwa linamwonesha daktari hali yako ya kawaida. Ukihama kutoka zahanati ya mtaa kwenda Amana au Muhimbili, nenda nalo.

Usikubali macho ya manjano yatafsiriwe haraka kuwa ulevi au kurogwa. Yanaweza kuwa ini, yanaweza kuwa nyongo, yanaweza kuwa chembe zinazovunjika. Ukianza dawa mpya kisha mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, ukachoka ghafla au ukapumua kwa shida, rudi kituoni mara moja ukiwa na pakiti ya dawa hiyo. Dawa nyingine ulizoandikiwa usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe kabla ya kuzungumza na mhudumu.

Na ukipewa namba, uliza bila woga: "Daktari, kipimo hiki kinapima nini? Safari iliyopita kilikuwa ngapi? Ni mambo gani mengine yanayoweza kuleta namba hii?" Maswali hayo si utovu wa adabu. Ni maswali ambayo Pechstein alilazimika kuyauliza mbele ya majaji kwa miaka kumi na sita. Mgonjwa wa Vingunguti hana mawakili wala medali, na kwake yeye mahali pa kuyauliza ni pale pale mezani, kabla karatasi haijakunjwa.